SOBANTU: Askofu aliyeulizwa swali la safina ya Nuhu

Ya leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, ongeza nusu saa au ichapishe ukaisomee nyumbani. Nadhani hautajuta.

Kuna muumini wa aina moja ambaye wote tunamjua. Kanisani yupo, msikitini yupo, hata nyumbani kwetu yupo. Ukimuuliza swali kuhusu kitabu chake hajibu, anakuuliza wewe umeanza lini kupotea. Sio mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu mwema kabisa, anafunga, anatoa sadaka, anakwenda kuwaona wagonjwa. Ila swali analiona kama cheche juu ya paa la makuti, inabidi lizimwe kabla halijashika. Mimi nilipokuwa sekondari niliwahi kuuliza kwenye kipindi cha dini Kaini alimpata wapi mke. Nilisimamishwa mpaka kengele ikalia. Jibu sikupewa.

Sasa leo nataka niwaletee habari za kiongozi wa dini aliyeulizwa swali la namna hiyo na mwanafunzi wake, naye hakumsimamisha. Alikaa chini, akafikiri, akaona hawezi kumdanganya. Yaliyompata baada ya hapo ni kasheshe ambayo dunia nzima iliisikia.

Anaitwa John William Colenso. Wapenzi wa historia ya vita labda jina mnalijua, maana kuna mji mdogo unaitwa Colenso huko Natal, Afrika Kusini, ambako Waingereza walichapwa na Makaburu tarehe 15 Desemba 1899. Mji ulipewa jina la huyu mzee. Yeye mwenyewe wakati wa vita hiyo alikuwa ameshafariki miaka 16 nyuma. Alikuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Natal.

Alizaliwa tarehe 24 Januari 1814 katika mji wa St Austell, Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Kwao pesa ilikuwa ya shida. Ilibidi afundishe watoto wa watu ndipo apate ya kujisomesha. Lakini kichwani alikuwa moto. Akaingia chuo cha St John's, Cambridge, na mwaka 1836 akawa wa pili katika mtihani wa mwisho wa hesabu wa chuo kikuu kizima. Akaenda kufundisha hesabu katika shule ya Harrow. Huko nyumba yake ikaungua, akabaki na deni kubwa. Kilichomwokoa ni vitabu vya hesabu alivyoandika, ambavyo vilitumika sana mashuleni Uingereza. Haki za vitabu hivyo aliziuza ili alipe deni. Hiyo habari ya hesabu iwekeni akilini, tutaihitaji mbele.

Mwaka 1846 akamwoa Sarah Frances Bunyon na kuwa padri wa kijiji kimoja cha Norfolk. Mwaka 1853 akawekwa kuwa askofu wa Natal, ambayo wakati huo ilikuwa koloni changa la Waingereza. Mwaka 1854 alikwenda kutembea wiki kumi tu kuangalia mazingira, kisha mwaka 1855 akahamia na familia yake.

Hapa kuna kitu kitawafurahisha wale waliosoma Kiswahili mpaka kidato cha nne. Katika msafara ule wa 1855 alikuwepo Mjerumani mmoja anaitwa Wilhelm Bleek, aliyekuja kumsaidia askofu kuandika sarufi ya Kizulu. Bleek huyu ndiye aliyekuja kulipa kundi la lugha zetu jina la KIBANTU. Ndiyo, lile neno la kwenye mtihani! Na alikuwepo padri Charles Mackenzie, ambaye mwaka 1861 alifanywa askofu wa kwanza wa misheni ya UMCA. Mackenzie alifariki mwaka 1862, na mwaka 1864 misheni hiyo ikahamia Zanzibar. Kwa hiyo msafara ule haukuwa mbali na sisi hata kidogo.

Colenso akajenga kituo chake karibu na Pietermaritzburg. Wazulu walikiita Ekukhanyeni, maana yake mahali penye mwanga. Kilikuwa na shule, shamba na mashine ya kuchapia vitabu. Na yeye akafanya jambo ambalo walowezi wengi hawakujisumbua nalo, yaani alikaa na Waafrika akajifunza lugha yao kila siku, saa nyingi, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1861 akatoa kamusi ya Kizulu na Kiingereza. Wazulu wakampa jina, Sobantu, yaani baba wa watu. Sikiliza hilo neno: bantu kwao ni watu kwetu.

Mapema kabisa alianza kuwakera wenzake. Wamisionari wengi walitaka mwanamume mwenye wake wengi awaache wote abaki na mmoja ndipo abatizwe. Colenso alikataa. Alisema ndoa ya mke mmoja ndiyo anayoiamini, lakini kumwambia mtu amfukuze mama wa watoto wake ili aingie kanisani ni kumtendea ubaya yule mama, ambaye hana kosa lolote. Wakamnung'unikia. Ila hayo yalikuwa manyunyu, mvua yenyewe bado.

Sasa tufike kwenye swali.

Msaidizi wake mkubwa katika kazi ya kutafsiri alikuwa Mkristo wa Kizulu aitwaye William Ngidi. Walikuwa wanatafsiri kitabu cha Mwanzo, mstari kwa mstari. Na nyie mnajua kutafsiri kulivyo, huwezi kupita juu juu, kila neno lazima ulielewe. Wakafika kwenye gharika. Ngidi akamuuliza kama kweli yote yale yalitokea. Kwamba wanyama wote wa dunia, wakubwa kwa wadogo, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia kwenye safina? Na Nuhu alikusanya chakula chao wote, hata cha wale wanaokula nyama?

Fikirieni huyo Ngidi ni nani. Ni mtu wa jamii ya wafugaji. Anajua ng'ombe mmoja anakula majani kiasi gani kwa siku. Anajua simba akiwekwa karibu na zizi kinatokea nini. Kwa hiyo swali lake halikuwa la kejeli. Lilikuwa swali la mtu anayejua kufuga.

Colenso angeweza kufanya kama ilivyo kawaida. Angemwambia kwa Mungu yote yanawezekana, tuendelee na mstari unaofuata. Shida ni kwamba alikuwa ameshasoma elimu ya miamba. Alijua kuna vilima vya volkano huko Auvergne, Ufaransa, vyenye majivu mepesi juu yake ambayo maji ya gharika ya dunia nzima yangeyasomba yote, na vilima vile ni vya zamani mno kuliko wakati wa Nuhu. Alipokuwa Uingereza alikuwa na shaka tu kuhusu hilo, ila alikuwa amelisukuma pembeni ya kichwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza uso kwa uso. Baadaye alieleza kwamba alijiuliza moyoni kama anaweza kusema uongo kwa jina la Bwana mbele ya mtu anayemwamini, akaona hapana, hawezi.

Wadau, kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa habari nzima. Huyu mzee alikuwa muumini ambaye, kama wengi wetu, alipenda asiulize. Maswali alikuwa nayo na alikuwa ameyafungia kabatini. Aliyelifungua kabati ni mwanafunzi wake.

Halafu kukatokea jambo la pili. Katika kutafsiri kitabu cha Kutoka walifika kwenye sheria inayosema bwana akimpiga mtumwa wake, na mtumwa akaishi siku moja au mbili kabla ya kufa, bwana haadhibiwi kwa sababu mtumwa ni mali yake. Colenso aliandika kwamba hatasahau jinsi Mkristo mmoja wa Kizulu aliyekuwa akimsaidia alivyoshtuka na kuchukizwa kusikia kwamba Mungu ndiye aliyesema maneno hayo. Kwa hiyo ishu sio tembo na twiga tu. Ilikuwa pia ni kuhusu haki.

Basi akaagiza vitabu vya wanazuoni wa Kijerumani, wale wanaoitetea Biblia neno kwa neno na wale wanaoihoji, akajifungia kusoma. Mwaka 1862 akarudi Uingereza na mwaka huo huo akatoa kitabu chake cha kwanza kuhusu vitabu vitano vya Musa na kitabu cha Yoshua. Baada ya hicho vikafuata vingine mpaka vikafika saba, cha mwisho kikatoka mwaka 1879.

Na hapo ndipo mwalimu wa hesabu alipotoka mafichoni. Alichukua namba zilizomo kwenye Biblia yenyewe akaanza kuzipigia hesabu. Nawapa mifano miwili, toeni simu mpige wenyewe.

Mfano wa kwanza. Biblia inasema wanaume wa Israeli wa kwenda vitani, waliotoka Misri, walikuwa kama 600,000. Ukiongeza wanawake, wazee na watoto unapata watu zaidi ya milioni mbili. Kisha inasema kusanyiko lote liliitwa likakusanyika mlangoni pa hema. Ua wa hema hiyo ulikuwa dhiraa 100 kwa 50, yaani takriban mita 45 kwa 23. Milioni mbili wanasimama wapi?

Mfano wa pili. Kitabu cha Hesabu kinasema wazaliwa wa kwanza wa kiume walikuwa 22,273. Ukichukua wanaume na wavulana wote kuwa kama 900,000 ukagawa kwa hiyo namba, unapata kila mama alizaa watoto wa kiume wapatao 40. Wa kiume peke yao, mabinti bado!

Hakufanya hivyo ili kumkana Mungu. Alichosema ni kwamba vitabu vile viliandikwa na binadamu, kwa nyakati tofauti, na binadamu hukosea namba. Lakini ndani yake kuna sauti ya Mungu ambayo dhamiri ya mtu inaitambua. Aliendelea kuomba na kuhubiri Kristo mpaka siku ya kufa kwake.

Kitabu kiliuzwa kwa maelfu. Na moto ukawaka kweli kweli. Maaskofu wenzake wa Uingereza wakamwandikia kumtaka ajiuzulu. Magazeti yakamchora katuni. Watu wakamcheka kwamba alikwenda Afrika kuwageuza Wazulu, badala yake Wazulu wamemgeuza yeye. Katika kicheko hicho kuna dharau mkiitazama vizuri. Kilichowauma wengi ni swali kutoka kwa Mwafrika, kana kwamba ukweli unakagua pasipoti kwanza.

Mwisho wa mwaka 1863 Robert Gray, askofu wa Cape Town na mkubwa wake, alimfungulia kesi ya uzushi mjini Cape Town. Colenso hakwenda, kwa sababu alisema Gray hana mamlaka ya kumhukumu. Aliyemwakilisha na kuwasilisha pingamizi lake ni yule yule Bleek wa Kibantu. Desemba 1863 akahukumiwa kuvuliwa uaskofu. Colenso akakata rufaa kwa Malkia, na mwaka 1865 baraza la juu la sheria jijini London likasema kweli, Gray hakuwa na mamlaka hayo. Kisheria Colenso akabaki kuwa askofu. Mwaka 1866 mahakama ikasema na mshahara wake alipwe. Gray hakukubali. Mapema mwaka 1866 tamko la kumtenga Colenso na kanisa lilisomwa huko huko Pietermaritzburg, na mwaka 1869 akawekwa askofu mwingine, William Macrorie. Mji mdogo, maaskofu wawili!

Wale mnaoimba kwaya, ule wimbo maarufu unaosema kanisa lina msingi mmoja naye ni Yesu uliandikwa na padri Samuel Stone mwaka 1866, katikati ya ugomvi huu, kwa kumuunga mkono Gray. Kwa hiyo kila mkiuimba mnaimba kipande cha kesi ya Sobantu bila kujua.

Nisije nikamwonea Gray. Hakuwa mjinga wala mlafi. Alizunguka dayosisi yake kwa miezi na miezi katika nchi isiyo na barabara. Hofu yake ilikuwa ya kweli: ukimwambia mama mjane kwamba ukurasa huu una makosa, nani atamhakikishia kwamba ukurasa wa ufufuo ni salama? Watu wengi wanaokataa maswali wanalinda kitu cha namna hiyo. Wana maiti wao waliowazika kwa imani ile. Mimi naielewa hofu hiyo. Sikubaliani nayo, ila naielewa.

Lakini subirini, bado sijafika kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala hii.

Walowezi wengi wa Natal katika ugomvi ule walikuwa upande wa Colenso. Ndiyo! Hawakumpenda Gray na mambo yake ya kujikweza, na habari za namba za Musa hazikuwasumbua sana. Jumapili walijaa kumsikiliza. Walikuja kumgeuka baadaye, kwa swali jingine kabisa.

Kulikuwa na chifu wa Wahlubi aitwaye Langalibalele. Vijana wake walikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley na wengine walirudi na bunduki. Serikali ya Natal ikataka bunduki zisajiliwe. Chifu akaitwa mjini, akaogopa, hakwenda, na mwaka 1873 akakimbia na watu wake kuvuka milima ya Drakensberg. Tarehe 4 Novemba 1873 kukatokea mapambano, wanajeshi watatu wa kizungu wakauawa pamoja na Waafrika waliokuwa nao. Walowezi wakapandwa na hasira. Kabila zima likavunjwa, ardhi ikachukuliwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa mapangoni wakiwemo wasio na silaha. Majirani zao ambao hawakuhusika nao wakanyang'anywa. Chifu mwenyewe akashtakiwa mwanzoni mwa mwaka 1874 bila wakili wa maana wa kumtetea, akahukumiwa uhamisho wa maisha, akapelekwa kisiwa cha Robben. Ndiyo, kile kile alichokuja kufungwa Mandela.

Makanisa yalikuwa wazi Jumapili zote hizo. Zaburi ziliimbwa. Kuhoji hukumu ile hakukuwa na mteja.

Colenso akauliza. Alifanya kama alivyofanya na safina, akakaa na Waafrika, akasikiliza mashahidi mmoja mmoja kwa lugha yao, akaandika kila kitu. Moja ya madai ya serikali ilikuwa kwamba watu wa chifu walimdhalilisha mjumbe wa serikali kwa kumvua nguo. Colenso akagundua kwamba mjumbe alitakiwa tu kuvua koti, waone kama hakuficha silaha. Na walikuwa na sababu ya kuogopa, maana mwaka 1858 chifu mwingine, Matshana, aliitwa kwenye mkutano na ofisa wa serikali, John Shepstone, na silaha zilikuwa zimefichwa. Ofisa huyo alikuwa ndugu yake Theophilus Shepstone, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya Waafrika Natal na rafiki mkubwa wa Colenso kwa karibu miaka ishirini. Urafiki ukafa pale pale.

Mwaka 1874 Colenso akapanda meli kwenda London kumtetea chifu mbele ya waziri wa makoloni. Gavana wa Natal akaondolewa, na mwaka 1875 Langalibalele akatolewa kisiwani akawekwa chini ya ulinzi bara, karibu na Cape Town. Haki kamili haikupatikana. Alirudishwa Natal mwaka 1887, akafa mwaka 1889. Ila bila huyu mzee hata hicho kidogo kisingepatikana.

Walowezi waliomsamehe kuhusu Musa hawakumsamehe kuhusu Langalibalele. Wakahama kanisa lake. Rafiki zake mjini wakawa wa kuhesabu kwa vidole.

Halafu vita. Desemba 1878 Bartle Frere, mkuu wa Waingereza huko Afrika Kusini, alimpa mfalme Cetshwayo wa Wazulu masharti ambayo alijua hayawezi kutimizwa. Frere ni huyu huyu aliyekuja Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa, na Frere Town ya Mombasa ina jina lake. Muumini mzuri kabisa, mpinga utumwa. Na ndiye aliyeanzisha vita ya kuchukua nchi ya watu ambao hawakumshambulia. Tarehe 11 Januari 1879 jeshi la Uingereza likaingia Uzulu. Tarehe 22 Januari, pale Isandlwana, Wazulu wakalifyeka. Zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza walikufa, wakiwemo askari wengi wa Kiafrika.

Natal ikalia na kutaka kisasi. Ikatangazwa siku ya maombi na kujinyenyekeza mbele za Mungu, tarehe 12 Machi 1879. Watu wakaja kanisani kuombea ushindi. Askofu akapanda mimbarani, akawauliza swali. Aliwaombolezea waliokufa, kisha akauliza ni haki gani na huruma gani ambayo Waingereza waliwaonyesha Wazulu mpaka wamwombe Mungu awe upande wao. Alitaja pia maelfu ya Wazulu waliokufa wakitetea kwao. Hebu pata picha, umefiwa na mwanao miezi miwili haijaisha, halafu mchungaji wako anakuuliza hivyo. Inahitaji roho ngumu kusema, na ngumu zaidi kusikiliza.

Benjamin Disraeli, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, anasifika kwa utani aliousema kwamba Wazulu ni watu wa ajabu, wanawashinda majenerali na kuwageuza maaskofu. Utani, lakini ukweli umo.

Cetshwayo alikamatwa Agosti 1879. Colenso alikwenda kumwona akiwa kifungoni Cape Town, na miaka yake ya mwisho yote aliimaliza akiandika na kuchapa nyaraka za kumtetea. Tarehe 20 Juni 1883 akafariki, akiwa na miaka 69. Akazikwa ndani ya kanisa lake la St Peter's, Pietermaritzburg. Binti zake Frances na Harriette wakaendeleza kazi. Harriette alikuja kumtetea Dinuzulu, mwana wa Cetshwayo, kwa miaka mingi. Na mmoja wa wanafunzi wa Ekukhanyeni, mchapaji Magema Fuze, mwaka 1922 alitoa kitabu cha historia ya watu weusi kwa Kizulu, kikiwa ni kitabu kizima cha mwanzo kabisa kuandikwa na Mzulu kwa lugha yake. Hata leo kuna mtaa Pietermaritzburg unaitwa Sobantu.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa himaya. Aliamini Malkia akiambiwa ukweli atatenda haki, na kwa miaka mingi alikuwa bega kwa bega na Shepstone bila kuona utawala ule unawafanyia nini Waafrika. Alichelewa kuuliza. Lakini alipoanza hakuacha.

Na ndiyo hoja yangu. Watu husema acha kuuliza ya Nuhu, hayakuhusu, yatakupotosha. Mimi naona kuuliza ni kama mazoezi ya mwili. Yule aliyezoea kumezea kila linalosomwa mimbarani ndiye aliyemezea pia hukumu ya Langalibalele, kwa sababu vyote vilitoka kwa wakubwa na vyote vilisemwa kwa sauti ya uhakika. Colenso alijifunza kwa Ngidi kujibu swali dogo bila kudanganya, na miaka kumi baadaye alikuwa tayari kwa swali kubwa. Dini yake haikufa kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu ndiyo ilipoanza kuwafaa watu waliokuwa wanachinjwa.

Najua wapo watakaosema dini ikiruhusu maswali haina mwisho, kila mtu atabaki na kitabu chake. Ni hoja, siikatai. Ila nawauliza: kama wewe ndiye ungekuwa Sobantu, na Ngidi amekaa mbele yako anasubiri jibu, ungemjibu nini?

Uwanja ni wenu wadau, Wakristo, Waislamu na wasio na upande. Tuchangie kwa hoja, matusi naomba tuyaache nje.

Nawasilisha.